Maji ya Mgeni

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hasira zangu zinakaa mlangoni, ukigusa kitasa tu zimeshatoka. Kwa hiyo kamati ya maji ya kijiji chetu, huku upande wa Ikungi, iliponichagua kuwa mtia dawa wa tangi, watu wengi walicheka. Kazi yenyewe haitaki nguvu, inataka subira. Kila asubuhi unapima unga wa klorini kwa kijiko chake, unaukoroga ndani ya ndoo yenye koki, unafungua koki kidogo ili dawa idondoke tone tone kwenye tangi, halafu unaandika kwenye daftari siku, saa na kiasi, unatia sahihi. Wengine waliikataa kwa sababu ya harufu, maana inaganda mikononi hata ukila ugali unaisikia. Mimi niliiomba mwenyewe, na niliiomba kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikuwa ameugua homa ya matumbo. Aliugua mpaka tukampeleka Singida mjini kwa gari la kukodi, amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Alilazwa wiki tatu. Daktari akaniita pembeni, akaniuliza mzee anakunywa maji ya wapi. Nikamwambia ya korongoni, yale tunayochimba kwenye mchanga mto ukikauka. Akaniambia bila kuzunguka kwamba kwa umri ule, akiipata tena homa ile, nisitegemee kurudi naye nyumbani. Niliyabeba maneno hayo peke yangu kutoka Singida mpaka kijijini, sikumwambia mtu.

Sasa tazama bahati tuliyokuwa nayo. Kijiji kilipochimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya jua, tangi lilijengwa kwenye kiwanja cha mama. Walilifuata jiwe. Nyuma ya nyumba yake kuna jiwe moja kubwa, la yale mawe ya kwetu ya ukubwa wa nyumba, ambalo mama huanikia mtama juu yake. Mafundi waliliegemeza tangi kwenye jiwe hilo, ukishalipanda unafika kwenye mfuniko wa tangi bila ngazi. Bomba la kuchotea lenyewe liko hatua kumi na tano kutoka jikoni kwake, nimezihesabu. Watu wengine kijijini wanatembea na ndoo kichwani mpaka shingo inaingia mabegani, na mama anaweza kufungua bomba huku uji wake haujamwagika.

Na mama akakataa kuyanywa. Kuoga aliyaoga, kufua aliyafulia, kuku aliwapa, ugali aliupikia, hata chai, maana alisema majani ya chai yanaifunika harufu. Lakini kunywa maji baridi kwenye kikombe, hataki hata kusikia. Alisema yananuka sakafu ya hospitali, na sakafu hiyo yeye ameinusa wiki tatu, inamtosha. Nikamchemshia. Akasema maji yaliyochemshwa yamekufa. Nikamkamulia limau. Akakinusa kikombe kabla hakijafika mdomoni, akanirudishia.

Basi akaendelea kwenda korongoni kwa siri. Asubuhi anatoka na kikapu, anaaga kwamba anakwenda kuchuma mlenda. Akirudi, mlenda uko juu na chini yake kuna kidumu cha lita tano. Siku moja niliyainua majani mbele yake, kidumu hicho hapo. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekiweka. Akakimimina kwenye mtungi wake, ule uliosimama pembeni ya mlango tangu nikiwa mtoto, akaufunika kwa kisahani na kikombe juu yake, akaniuliza kama nitakula mlenda au nina haraka. Nilikula mlenda huku nimenuna. Nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, mama anywe maji ya bomba, na nilikuwa natia dawa kila siku ya Mungu kwenye maji ambayo kijiji kizima kinayanywa isipokuwa yeye.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati kwamba mtaalamu wa maabara ya maji atakuja Ijumaa kupima. Mwenyekiti wetu ni mtu mzuri lakini mwoga wa karatasi. Alituamuru tufagie kuzunguka bomba, tupige chokaa mawe yote ya pembeni, na akatafuta mtu wa kumwazima kiti chenye mto. Mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe. Daftari langu lilikuwa limenyooka, kila siku na sahihi yake, wala hapakuwa na palipofutwa. Ijumaa asubuhi nilitia dawa kama kawaida, nikafungua koki, nikaandika, nikateremka jiwe na kwenda nyumbani kwangu kubadili nguo. Nilivaa kitenge nilichokishonea harusi ya mpwa wangu.

Mtaalamu alifika saa nane mchana kwa pikipiki, amefunga boksi la barafu nyuma. Alikuwa bwana wa makamo, mkimya, viatu vimejaa vumbi. Alimpa mama shikamoo vizuri kabisa, mama akaitikia, na kabla mgeni hajavua kofia, mama alikuwa ameshanyanyuka kwenda kumchotea maji.

Hapa lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwetu. Mgeni hapiti uani kwa mama bila kupewa maji, na mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho ya mgeni. Kuonja kwenyewe si kulowanisha midomo. Ni funda zima, koo lionekane likishuka, mgeni ajue hakuna kilichotiwa humo. Uji ni hivyo, pombe ni hivyo, maji ni hivyo. Mama anaweza kusamehe mambo mengi, lakini mtu anayekupa kikombe bila kuonja, huyo kwake si mtu wa kukaa naye.

Basi mama akachukua kikombe, akaenda bombani mwenyewe, akachota. Akanywa funda kubwa mbele yetu, akajifuta mdomo kwa pembe ya kanga, akampa mgeni kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na daftari kifuani. Machozi yakanilenga. Miezi yote ile ya limau na kuchemsha na kugombana, leo mama amekunywa maji ya bomba, tena hakukunja uso hata kidogo. Nilifurahi mno, sikujiuliza kitu.

Mtaalamu akamaliza maji, akashukuru, akaanza kazi. Aliuchoma mdomo wa bomba kwa moto kuua vijidudu, akajaza chupa zake za kwenda maabara, akazifukia kwenye barafu. Kisha akatoa kichupa kidogo cha kioo, akakijaza maji, akatia kidonge, akatikisa. Akatueleza sisi tuliokuwa tumezunguka, watu kama ishirini hivi, kwamba kama dawa imo maji yatageuka pinki. Tukakodoa macho. Maji yakabaki meupe. Akamwaga, akarudia. Meupe. Akarudia mara ya tatu huku kijiji kizima kimenyamaza, na ng'ombe mmoja tu ndiye aliyekuwa na la kusema.

"Dawa haimo," akasema.

Nikamwambia vidonge vyake vimekwisha muda. Nilimwambia mbele za watu, Mungu anisamehe. Yeye hakukasirika. Alitoa chupa yake ya maji ya kunywa aliyoijaza bombani mjini, akamimina kidogo kwenye kichupa, akatia kidonge kilekile cha pakiti ileile. Yakageuka pinki nzuri kabisa, kama maua ya bogenvilia yanayopandwa kanisani. Nilitaka ardhi ipasuke niingie na kitenge changu cha harusi.

Halafu akaomba daftari. Akasoma mstari wa siku ile, dawa imetiwa saa moja asubuhi, kiasi hiki, sahihi yangu. Akakitazama kichupa. Akanitazama mimi. Afadhali angenitukana. Katika maisha yangu nimeitwa mkali, nimeitwa mdomo, nimeitwa mengi, lakini mwongo sijawahi kuitwa, na siku ile niliitwa kwa macho tu.

Akaandika karatasi yake na kumsomea mwenyekiti. Dawa haimo, daftari halilingani na maji, atarudi baada ya wiki mbili. Akikuta hali ni ileile, bomba litafungwa, na tangi letu litawekwa chini ya kamati ya kijiji jirani mpaka tutakapojifunza kazi. Mwenyekiti akakaa juu ya jiwe lenye chokaa mbichi na suruali yake nyeusi. Kijiji jirani wametucheka tangu enzi za mpira wa shule ya msingi, sasa wangepewa na ufunguo wetu. Lakini mimi nilikuwa nawaza jambo jingine. Bomba likifungwa, kijiji kizima kinarudi korongoni, na mama hatahitaji tena kuficha kidumu chini ya mlenda.

Mgeni alipoondoka, tulikaa pale bombani tukilaumiana mpaka jua likaanza kushuka. Mama alitupita na ungo wake, akapanda jiweni kuanua mtama, akateremka, akaingia ndani. Mimi nikapanda baada yake. Nikakuta ndoo iko mahali pake, koki iko wazi, dawa inadondoka tone tone kama nilivyoiacha asubuhi. Laiti ningetazama ndani ya ndoo nikaona imebaki kiasi gani. Lakini hasira zilikuwa zimenipanda mpaka utosini na sikutazama kitu.

Nilimjua mkosaji, au nilidhani namjua. Jirani yetu mmoja anapika mtukuru, pombe yetu ya mtama, na tangu tuanze kutia dawa alikuwa akilalamika kwamba pombe yake haiumuki. Dawa inaua chachu, alisema, na ni kweli inaua. Ilimbidi aache maji kwenye vyungu wazi juani siku mbili ndipo harufu itoke apate kupikia. Nani mwingine angetaka maji yasiyo na dawa? Kesho yake nikamwendea. Nilimkuta anakoroga pombe kwenye pipa, wateja wake wameketi kwenye magogo, na nikamshushia maneno ambayo mtu wa kwaya kama mimi hakupaswa hata kuyajua.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti:

"Dada, kama ningejua kuifunga hiyo dawa yako, ningekuwa naanika maji siku mbili kama nguo?"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye gogo. Yeye akaongeza, kwa upole ambao ndio ulioniumiza zaidi, kwamba Ijumaa alichota maji, akayanusa, akakuta hayana harufu, akapikia palepale. Pombe ikaumuka vizuri ajabu. Akajua nimesahau kutia dawa, akaamua asiniseme, maana kila mtu husahau.

Nilikaa kwenye gogo. Nikamwomba radhi mbele ya walevi wake wote. Akasema yameisha, akanikabidhi mwiko, maana kwake radhi huombwa kwa kufanya kazi. Nikakoroga mtukuru, mimi mama wa kwaya, mvuke unanipiga usoni, wateja wananishauri nikoroge kwa kulia. Nilipomaliza akachota kibuyu kidogo anipe, tuwe tumepatana. Akaonja kwanza, kama inavyotakiwa. Nikaliona koo lake likishuka, na nikaona alivyokunja uso kidogo kwa sababu pombe ilikuwa bado ya moto.

Hapo akili zikanirudi. Mama hakukunja uso. Mama ambaye anaisikia dawa kabla kikombe hakijafika mdomoni, alikunywa funda zima mbele ya mgeni na hakukunja uso. Nikamwachia jirani kibuyu chake mkononi na nikaondoka mbio, na nasikia mpaka leo wanasema niliikimbia pombe kwa sababu ya mchungaji.

Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Nikamuuliza kama yeye ndiye aliyefunga koki ya dawa. Akasema ndiyo, kwa sauti ileile ambayo angeniambia amewapa kuku maji. Hakuacha hata kupepeta. Alinieleza kwamba Alhamisi ilikuwa mnada, watu walichota na kunywesha ng'ombe mpaka tangi likakauka, nami nililijua hilo. Ijumaa asubuhi jua lilipotoka pampu ikaanza kulijaza upya. Mimi nilipokwenda kubadili nguo, yeye akapanda kuanika mtama, akafunga koki, tangi likajaa maji matupu. Mgeni alipoondoka akapanda kuanua mtama, akafungua. Nikamuuliza alijuaje kuifunga. Akasema kila asubuhi naizungusha mbele ya macho yake, na yeye si kipofu.

"Mtu katoka mjini kwa ajili ya maji yetu," akasema, "nimpe yanayonuka hospitali? Tena niyaonje mimi kwanza?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia kuhusu karatasi, kuhusu kijiji jirani, kuhusu yule bwana alivyonitazama kama mwongo. Akaendelea kupepeta. Basi katika hasira zangu likanitoka na lile nililolificha, maneno ya daktari, kwamba akiugua tena hivyo sitarudi naye nyumbani. Ungo ukasimama. Mama akasema daktari yule alikuwa mtoto mdogo sana, akaendelea kupepeta, lakini makapi yalikuwa yanaruka pamoja na mtama na yeye hakuona.

Baadaye akaniuliza mgeni akirudi atampa nini. Nikamwambia asimpe kitu, aje, apime, aende zake. Ni kana kwamba nilimwambia amfungulie mbwa. Aliniambia tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi hakuna mtu aliyetoka uani kwake na kiu, na hatuanzi leo. Akafikiri kidogo, akapata suluhisho. Atampa ya mtungini.

Nikashika kichwa. Niliona kabisa mtaalamu wa maji wa mkoa amelazwa wodi ileile ya mama, kwa homa ya matumbo aliyoipata kwenye kikombe cha heshima. Nikasema mengi, naye akasema neno moja kwa Kinyaturu ambalo sitalitafsiri. Baada ya hapo hatukusemeshana vizuri kwa siku nyingi. Mama akiwa na jambo la kuniambia alimwambia kuku, nami nikisikia.

Siku ya mgeni kurudi nilipanda jiweni alfajiri nikakaa kando ya ndoo na mwavuli. Mwenyekiti alikuja akiwa na kijiko cha pili cha klorini kwenye karatasi, akanong'ona kwamba tuongeze, ili yawe pinki ya uhakika. Nilimfukuza na mwavuli huohuo. Dawa ikizidi nayo ni kosa, na mimi sikuwa tayari kufeli mara mbili kwa sababu mbili tofauti. Mama hakupanda kuanika siku ile. Alikaa kwenye kigoda chake chini, akinitazama juu, nami nikimtazama chini. Nyumbani kwake nilikuwa nimeshapeleka chupa nne za soda, kwamba mgeni akifika apewe soda, imefungwa kiwandani, haitaki kuonjwa na mtu.

Mgeni akafika. Akachoma mdomo wa bomba, akajaza chupa, akatia kidonge kwenye kichupa, akatikisa. Pinki. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akakumbatia nguzo ya bomba. Mtaalamu akaangalia kipimo chake, akasema dawa imo na kiasi ni sawasawa, bomba halifungwi. Akageukia kwangu na daftari, akauliza kwa adabu ni nini basi kilichotokea mara ile. Nilifungua mdomo niseme koki iliziba. Ningekuwa mwongo wa kweli sasa, na nilikuwa tayari.

"Nilifunga mimi," mama akasema kutoka kwenye kigoda. "Kwa heshima yako."

Mtaalamu akamtazama mama, akanitazama mimi, akalitazama jiwe na ndoo kule juu. Naona akaelewa yote. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumcheza, na nilipoona anacheka nami nikacheka huku nalia. Akasema katika kazi yake amewahi kuwekewa zulia na kuchinjiwa mbuzi, lakini heshima iliyomwandikisha ripoti kurasa tatu ni hii ya kwanza. Kisha akanipa mkono na kuniomba radhi kwa jinsi alivyonitazama. Nikampenda palepale kama ndugu.

Nikakimbia ndani, nikaleta soda. Akaikataa. Alisema ana sukari, daktari amemkataza. Akageukia kwa mama.

"Naomba maji tu, mama. Hayahaya ya bomba."

Watu wote wa kamati wakageuka kumtazama mama, maana kwa wakati huo kijiji kizima kilikuwa kinajua habari. Mama akanyanyuka polepole, akaingia ndani. Mtungi uko pale pembeni ya mlango, umejaa, na mama ana vikombe vingi. Alikawia. Nilijiandaa kumwangusha mgeni na kikombe chake kama itabidi. Akatoka na kikombe kitupu, akaupita mtungi, akaupita na mimi, akazitembea zile hatua kumi na tano, akafungua bomba, akachota.

Akarudi, akasimama mbele ya mgeni. Kikombe kikafika puani, nikaona kabisa ameisikia. Angeweza kumpa mtu yule kikombe bila kuonja, na yule bwana wa watu asingejua kitu. Lakini mama angejua. Akafumba macho, akanywa. Funda zima, koo likashuka tukiliona. Uso ukakunjika wote, paji, mashavu, mpaka masikio, ukakaa hivyo, halafu ukakunjuka kidogo kidogo.

"Nimewahi kunywa mabaya zaidi kwa mama mkwe wangu," akasema, na akampa mgeni kwa mikono miwili.

Yule bwana aliyanywa yote. Mimi nilikwenda nyuma ya jiwe nikakaa, nikalia kama mtoto, na sikuona haya.

Nilidhani yameisha. Kesho yake asubuhi, nikitia dawa kule juu, nikamwona mama anatoka na kikapu. Anakwenda kuchuma mlenda. Jamani, nilitaka kuitupa ndoo. Nilikaa juu ya jiwe nikimtazama anavyopotea kwenye alizeti, na nikaanza kufikiri, jambo ambalo siku zote hasira hazinipi nafasi ya kulifanya. Mama hakunywa kwa sababu ya kidonge wala pinki wala maneno ya daktari. Alikunywa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupewa.

Siku iliyofuata nilimaliza dawa mapema. Sikuingia kwa mlango wa jikoni kama mtoto wa nyumba. Nilizunguka mbele, nikasimama, nikapiga hodi. Mama akachungulia, akauliza nimepatwa na nini. Nikampa shikamoo, nikaketi mahali wanapoketi wageni, nikamwambia nina kiu, naomba maji ya bomba. Alijua, mama yangu si mtu wa kufichwa kitu. Lakini mtu ameshapiga hodi, ameketi, ameomba maji. Akachukua kikombe, akaenda bombani, akaonja, akakunja uso, akanipa. Nikanywa, nikashukuru, nikaaga. Saa nne nikarudi, nikapiga hodi. Jioni nikarudi, nikapiga hodi.

Yapata mwaka sasa. Jirani yangu wa mtukuru nilimweleza, naye hupita mchana kuomba maji, mwenyekiti hupita akienda shambani, na mama hulalamika kwa kuku kwamba kijiji hiki kimekuwa na watu wenye kiu kama ng'ombe wa mnadani. Funda hapa, funda pale, kufika jioni amekunywa maji ya kumtosha. Uso siku hizi anaukunja kwa desturi tu. Ndani ya mtungi kuna tetea anaatamia mayai.

Wiki iliyopita niliamka na mafua makali, nikamtuma jirani wa mtukuru akanitilie dawa tangini, naye akarudi mbio kwenye pipa lake, nami nikabaki kitandani. Mwenyekiti alikuwa amesafiri. Kama saa saba hivi nikasikia hodi. Mama yangu, na miguu yake ya uzee, amekuja mpaka kwangu juani, na hakuingia. Alisimama nje akingoja akaribishwe, kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, akaweka fimbo yake chini. Nikamuuliza kuna nini.

"Leo hujaja," akasema. "Nina kiu tangu asubuhi."

Nikainuka na blanketi langu, nikachota kwa kikombe maji ya bomba yaliyokuwa ndooni kwangu. Nikaonja kwanza mbele yake, funda zima, nikampa kwa mikono miwili.